Kengele ya Nives

Kundi lilikuwa bado halijavuka lango la mji pale Tarcisia, mama mmoja wa Bergamo, alipogusa kidude chake cha sikioni na kumuuliza mwenzake yule mwanamke anayeongea ni nani.

Hapakuwa na mwanamke yeyote. Aliyekuwepo ni Ivano Bencistà, mtembeza watalii wetu hapa Castelvarno, ametangulia na mwavuli wake wa kijani, anazungumza kwenye kipaza sauti kidogo alichobana kwenye kola ya shati. Kila mgeni alikuwa amepewa kidude cha sikioni ili Ivano asihitaji kupayuka mitaani. Yeye mwenyewe hakuwa nacho, maana msemaji hana haja ya kujisikiliza, ingawa kwa jinsi Ivano alivyojipenda nashangaa hakuvaa viwili.

Wageni hao walikuwa wazee wa parokia moja, wamekuja na basi, na hawakuchelewa kumpenda. Ulimi wake ni asali. Aliwapandisha juu ya ukuta wa mji, akawaonyesha mahali maadui walipomwagiwa mafuta ya moto, mahali ambapo, tuambiane ukweli, hajawahi kumwagiwa mtu hata maji ya uvuguvugu. Siku hiyo alijitahidi kupita kawaida. Kampuni iliyowaleta ilimwahidi mabasi ya kiangazi kizima iwapo wazee wangerudi wameridhika, na utamu aliowawekea mwishoni ulikuwa mlango wa wafu wa nyumba yake.

Nyumba za kale za mji wetu zina milango miwili. Mkubwa ni wa walio hai. Pembeni yake kuna mwembamba, umeinuka kidogo kutoka barabarani, upana wake jeneza na si zaidi. Maiti hutolewa kwa huo, na kabla waombolezaji hawajanywa supu fundi huuziba kwa matofali, ili aliyetoka asipate pa kurudia. Mtu mzima na akili zake hapiti hapo, hata kwa mzaha. Familia nyingi zimeacha mambo hayo, lakini Nives, dada yake Ivano, aliomba atolewe kwa mlango aliotolewa mama yao, na Agosti iliyopita Ivano alimtimizia.

Kuziba ndiko hakuziba. Gaspare mwashi alipofika na toroli lake la matofali, Ivano alimrudisha. Mlango wa wafu ulio wazi, alisema, watu watapanga foleni kuupiga picha. Akausitiri kwa ubao aliopaka rangi ya matofali, unaobanduliwa kwa mkono mmoja. Gaspare alitema mate chini, na tangu siku hiyo mtaa ule anaukwepa.

Basi huko juu ya ukuta, Tarcisia alimfuata Ivano akamsifia yule dada wa kwenye kidude. Anaeleza vizuri, alisema, ila ana kifua, kila mara anakohoa. Ivano alicheka, akasema mitambo ya kundi lingine inaingiliana na yake. Aliangalia huku na huku. Kundi lingine halikuwepo.

Waliposhuka uwanjani, jua la mchana likiunguza mawe, mzee mmoja alitoa leso akaziba pua, akauliza nani kajipaka kafuri kwenye joto kama hili. Ivano alikuwa katikati ya habari za kisima. Alikiacha kisima, akawaongoza mbele. Nives alikuwa akijipaka kafuri kifuani kila asubuhi, na baada ya mazishi Ivano alizipaka chokaa kuta zote za nyumba ili harufu ile iondoke.

Aliendelea kuongea, haraka zaidi, akapunguza vituo, akataka wafike upesi kwenye ule mlango, wapige picha zao, waende zao. Lakini alipowaonyesha mnara, wazee hawakuuangalia mnara. Walikuwa wamegeuka wote pamoja, shingo zimeinuka, wanaangalia dirisha la juu la nyumba iliyo mwisho wa mtaa, dirisha lililofungwa, na Ivano hakuwa amewaambia bado kwamba nyumba ile ni yake.

Tarcisia alikuwa analia. Alimshika mkono.

"Mwanangu," alimwambia kwa sauti ya chini, "kwa nini hukumpelekea maji?"

Ivano alimnyang'anya kile kidude akakitia sikioni mwake, na akaisikia sauti ya dada yake, imetulia, inaeleza kwa madaha yaleyale ya Ivano mwenyewe, kwamba hapo juu, wageni wangu, ndipo alipolala dada mtu na mapafu yake mabovu, dawa zikiwa jikoni na ngazi zimemshinda, ndipo alipopewa kengele ya mkono aipige akihitaji kitu, naye akaipiga, na chini sebuleni kulikuwa na wageni kama nyinyi wanaonyesha meno kwa picha, wakamuuliza kaka mtu kengele gani hiyo, akawaambia msijali, ni kengele ya kanisa, kisha akaenda taratibu akafunga mlango wa ngazi kwa ufunguo, na kengele ikapigwa mpaka mkono ukachoka.

Alikitupa kile kidude chini akakikanyaga. Wazee walisimama na mikongojo yao, wameujaza mtaa kutoka ukuta mpaka ukuta, wanamtazama kama watu wanaotazama jeneza likipita.

Ndipo kengele ikalia ndani ya nyumba.

Hiyo haikuhitaji kidude cha sikioni. Mirella, mwenye mkahawa wa mkabala, alitoka na kitambaa cha kufutia vikombe begani. Alikuwa amekaa jirani na Nives tangu utotoni, na kengele ile aliijua.

"Ivano," aliuliza, "nani anapiga kengele ya Nives?"

"Upepo, Mirella. Rudi ndani."

"Upepo gani? Ulituambia alikufa usingizini."

Madirisha yakaanza kufunguka. Ivano alikimbilia mlango mkubwa, akatia ufunguo, ufunguo ukazunguka vizuri lakini mlango haukusogea, akausukuma kwa bega, akaupiga teke, na kengele inazidi, inaharakisha, na kila dirisha lililofunguka lilikuwa na mtu aliyemjua na aliyemzika Nives pamoja naye, na harufu ya kafuri inamwagika mtaani mpaka macho yanawasha, na hapo pembeni ule ubao ukaanguka wenyewe, taratibu, ukalala juu ya mawe, na mlango mwembamba ukawa wazi na mweusi mbele yake, na yeye, mtoto wa Castelvarno aliyefundishwa na mama yake kutougusa hata kwa kidole, hakuwaza kitu kingine ila kuinyamazisha ile kengele kabla mji wote haujaelewa, akaingia ubavuubavu kwa mlango wa wafu.

Kengele ilinyamaza.

Mirella ndiye aliyekwenda kuangalia. Aliona matofali, akadhani ubao umerudi mahali pake. Aliponyoosha mkono, yalikuwa matofali kweli, na chokaa yake mbichi ikamganda vidoleni. Jioni polisi walifungua mlango mkubwa kwa kuusukuma kidogo tu, wakapekua chumba hadi chumba, wasimwone mtu. Gaspare alipoitwa abomoe, aliupapasa ule ukuta, akasema kazi ni safi, naye habomoi.

Lakini hayo yalikuwa ya jioni. Mchana ule wazee walikuwa bado wamesimama mtaani, na vidude vikaanza tena kukoroma masikioni mwao. Kengele ya mkono ililia, kwa mbali, bila nguvu. Kisha wakasikia mwanamume anakohoa. Ulimi ulikuwa wa Ivano, asali imeisha, anaomba maji, anaomba mtu amfungulie mlango wa ngazi.

Tarcisia, aliyeazima kidude cha mwenzake, alimshika Mirella mkono.

"Nani huyo anayeomba?" alinong'ona.

Kabla Mirella hajajibu, sauti ya mwanamke iliingia sikioni mwa Tarcisia, safari hii haina kikohozi.

"Msijali, wageni wangu. Ni kengele ya kanisa."