Jibu la Nje ya Ubao

— Maëlle, usithubutu. Hii ni fainali, si harusi.

Solange, nahodha wake, alikuwa amemng'ang'ania jezi. Maëlle akajitoa taratibu. Miaka minne na mpenzi wake Ghislain, na kila akigusia ndoa, mwanamume anaigeuza kichekesho. Mchana alimtumia ujumbe: "Leo utanijibu." Akarudishiwa kikatuni kinachocheka.

— Nimechoka kuzungushwa. Atanijibu mbele za watu.

Mwamuzi akapuliza filimbi, akasoma kadi:

— Mchezaji mmoja kila timu, mnaigiza pamoja. Mada: kituo cha mwisho.

Maëlle akaruka ubao unaozunguka uwanja. Wa timu pinzani, Ghislain, akasukumwa na wenzake. Ukumbi wa mji wa Chicoutimi ukavuma. Watu hawa huacha hoki kwenye runinga waje kuona timu zikishindana kwa maigizo yanayotungwa papo hapo, mbele ya macho yao.

— Mama, basi limefika mwisho. Shuka, akaanza Ghislain.

— Sishuki mpaka unioe.

Watu wakaangua kicheko.

— Abiria wote husema hivyo.

— Basi niache uabiria. Ghislain, ni mimi Maëlle. Utanioa?

Kicheko kikakatika. Uwanjani, anachokupa mwenzako unakipokea. Kukikataa ni kosa. Ghislain akatikisa kichwa.

— Hapana.

Filimbi ikalia.

— Adhabu! Amekataa!

Malapa ya raba, ambayo mashabiki humrushia mwamuzi, safari hii yalimwangukia Ghislain. Maëlle aliumia mpaka akahisi baridi, lakini hakutoka. Akasimama wima watu wakipiga kura kwa kadi za rangi. Timu yake ikatwaa kombe.

— Umetuponza, zuzu wewe! nahodha wa Ghislain akafoka.

Ghislain aliruka ubao, akasimama upande wa watazamaji.

— Maëlle, njoo huku.

— Si umeshajibu?

— Humo ndani sheria inanilazimisha nikubali. Ningekubali, ungelala unajiuliza kama ni mimi au ni mchezo. Huku hakuna wa kunilazimisha. Niulize tena.

Maëlle alitamani kumkumbatia na kumzaba kofi kwa pamoja.

— Mimi zamu yangu imekwisha. Uliza wewe.

Ghislain akapiga magoti kati ya miguu ya mashabiki. Safari hii hakuwa na kichekesho.

— Nimekuwa mwoga, nisamehe. Utakubali nikuoe?

Maëlle alimwacha hapo chini kidogo, aionje ile miaka minne. Kisha akaruka ubao.

— Nimekubali. Inuka, twende ukamwambie mama.