Mzee Fergal Si Mwingereza

Kila Jumamosi asubuhi Intisar alifuatana na mama yake, Bi Badria, hadi kwa Mzee Fergal, mtaa wa pili kutoka kwao katika mji wa Euless, ughaibuni. Kazi ya Bi Badria ilikuwa kuwatunza wazee majumbani mwao. Alimwogesha mzee, akampikia uji, akamlisha kwa kijiko. Intisar alifagia, kisha akafungua mapazia ili mzee aone ndege zikishuka uwanjani. Mzee hakuwa na mke wala mtoto, na moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alikwisha sema kwamba asipokula hatavuka wiki.

Nyumbani kwa kina Intisar mzee huyo hakuitwa kwa jina lake. "Mwingereza wangu leo kala vizuri," Bi Badria alizoea kusema, na baba aliitikia, "Alhamdulillahi." Basi siku ya kuzaliwa ya mzee ilipofika, Intisar alikata karatasi ngumu, akachora juu yake bendera ya Uingereza kwa rangi zake zote, akaandika kwa Kiingereza: Heri ya kuzaliwa, Mwingereza wetu. Maskini, alidhani anamfurahisha. Ulimi hauna mfupa, na kalamu nayo hivyo hivyo.

Mzee Fergal aliitazama kadi. Akaichana, akageukia ukutani. Uji ulipoletwa alifumba mdomo. Mchana akafumba tena. Jumapili walirudi, hali ikawa ile ile, hata maji aliyakataa.

"Umemwandikia nini?" Bi Badria aliuliza jikoni kwa mzee.

Intisar alimweleza huku analia. Mama yake akavuta kiti, akakaa.

"Kosa ni langu, mwanangu. Sisi kwa Kiswahili chetu kila mzungu wa visiwa vya upande ule wa Uingereza ni Mwingereza, tumemaliza. Miaka yote nimemwita hivyo na sikumuuliza hata siku moja. Na mimi ndiye niliyepaswa kujua. Babu yangu alizaliwa Unguja, na baba yake pia. Mwenyewe alijiita Mzanzibari. Wakati wa mapinduzi wakaja watu na mapanga, wakamwambia, wewe Mwarabu. Bibi hakupata hata maiti ya kuzika."

Intisar hakuwahi kusikia habari hiyo, na ilimtisha. Alifuta machozi, akaenda chumbani kwa mzee, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, babu. Nimekuita jina bila kukuuliza. Wewe unajiita nani?"

"Mwairishi," mzee alisema, uso bado ukutani. "Nimezaliwa Ayalandi ya Kaskazini, inayotawaliwa na Uingereza. Jirani yetu alijiita Mwingereza, na hiyo ni haki yake. Sisi hatukujiita hivyo. Kaka yangu alikuwa bado kijana mdogo. Wanajeshi wenye bendera ile uliyonichorea walimpiga risasi mlangoni kwetu, akitoka kwenda kununua mkate."

"Aliitwa nani?"

"Eoin."

Ilikuwa miaka mingi tangu mtu amuulize jina hilo. Mzee aligeuka taratibu, akamtazama Intisar, akafungua mdomo. Alimeza kijiko cha kwanza cha uji, kisha cha pili.

Aliendelea kula, lakini moyo ule haukuwa wa kupona. Kabla mwezi haujaisha alifariki, Bi Badria amemshika mkono. Watu wa mazishi walipokuja kumchukua, mmoja wao alisema, "Alikuwa Mwingereza, siyo?"

"Hapana," Intisar alijibu. "Alikuwa Mwairishi. Ndivyo alivyojiita mwenyewe."

Yule mtu akaomba radhi, akamfunika mzee shuka.

Wakirudi nyumbani, Bi Badria alizungumza bila kuondoa macho barabarani. "Maji yakimwagika hayazoleki, Intisar. Sisi tumebahatika, tulipata nafasi ya kuomba radhi. Waliomuua babu yangu hawakuitaka nafasi hiyo. Kuuliza si ujinga. Usimpachike mtu nchi wala kabila kwa kumtazama au kwa kusikia watu wanasema. Muulize anajiita nani, kisha mwite hivyo. Na muulize mapema, angali hai akujibu."