Dhahabu Iliyobidi Iibiwe

Haya aliniambia mwenyewe, mtoto wa dada yangu, wiki aliyotoka gerezani, tukichambua mchele uani. Nayaandika kama alivyoyasema.

Saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma, karakana ya kuchomelea vyuma. Watu watatu. Yeye, dereva. Fundi wa gesi, jina la mtaani Cheche. Na shemeji yake, mume wa dada yake, karani wa ghala la kampuni ya machimbo. Shemeji alichora ghala kwa chaki sakafuni.

"Masanduku sita ya dhahabu. Yanangoja ushuru wa serikali, kisha yapande ndege. Mlinzi mmoja. Mchana wenzake wanakwenda kula."

"Na wewe unapata nini?" Cheche akauliza.

"Fungu langu. Kwani mimi sili?"

Dereva alitaka gari lake mwenyewe, amechoka kuendesha la watu. Basi. Hakutaka makubwa.

Saa saba na nusu. Wote watatu walishuka ghalani, gari wakaliacha injini ikiwaka. Mlinzi alifungua geti hata hawajagonga, akanyoosha mikono afungwe.

"Mmechelewa, jamani. Kazeni kamba kidogo, ionekane."

Dereva akamfunga, akamlaza chini.

Cheche akakata kufuli. Sanduku la kwanza, kokoto. La pili, kokoto.

"Shemeji, nini hii?"

Shemeji hayupo. Geti likabamizwa, likafungwa kwa nje. Gari likaunguruma, likaenda zake.

"Dhahabu ilishapanda ndege zamani, bila ushuru," mlinzi akasema pale chini. "Kesho wanakuja wakaguzi kuiulizia. Ilibidi iibiwe na mtu."

"Na mtu ndio sisi?"

"Mimi niliambiwa mtatoroka."

Redio yake ndogo ikaanza taarifa ya saa nane. Majambazi wamevamia ghala, wamemuua mlinzi, wametoroka na dhahabu.

"Wamemuua nani?" mlinzi akauliza.

"Wewe, mzee. Pole na msiba," Cheche akasema. Hakuna aliyecheka.

Wakaelewa. Askari watakaokuja hawaji kukamata. Wakamfungua mlinzi. Cheche akataka kukata bati la upande wa kichakani.

"Kichakani utakufa bila shahidi," dereva akamwambia. "Kata upande wa sokoni."

Ving'ora vya polisi vilikuwa getini bati lilipoanguka. Wakatoka wamebeba sanduku moja. Dereva akalimwaga katikati ya watu, kokoto zikatawanyika hadi kwenye meza za wauzaji.

"Jambazi ni mimi! Dhahabu yenyewe hii hapa! Na marehemu ndiye huyu!"

Mlinzi akapunga mkono.

"Mwanangu, nyanya zangu!" mama mmoja akapiga kelele.

Askari walifika na bunduki juu. Soko zima likasimama, linatazama. Bunduki zikashuka. Wakafungwa pingu, wazima.

Jioni, mahabusu. Cheche alilala. Marehemu akakoroma. Dada yake dereva akaja na chakula, akasimama penye nondo.

"Kaka, mume wangu hajarudi, simu haipatikani. Hujamwona kweli?"

Dereva alimtazama. Tumbo la dada lilikuwa kubwa, la miezi ya mwisho.

"Sijamwona," akasema. "Nenda nyumbani, funga mlango."

Akageukia ukuta. Alikaa macho mpaka taa ya korido ilipozimwa, ndipo naye akalala.