Kigoda cha Bibi

Kila asubuhi ua wa Mama Pacha ulinukia mbao mbichi. Mumewe alikuwa seremala. Alitengeneza vigoda vya watoto, vifupi na imara, akavipaka rangi za kung'aa. Mama Pacha alivipiga picha kwa simu na kuviuza mtandaoni.

Mwanzoni mambo yaliwanyookea. Kisha wateja wakaadimika. Vigoda vikajaa ukutani, mpaka pacha wao wakavipanga mstari wakacheza garimoshi.

Mchana mmoja, wakiwa wanakula, mumewe akaweka kijiko chini.

"Mama Pacha, kuna kazi ya ujenzi mbali na hapa. Wanatafuta maseremala. Nikienda, ni miaka miwili."

"Miaka miwili? Watoto si watakusahau sura?"

"Njaa haina subira, mke wangu. Mwisho wa mwezi wanataka jibu."

Mama mkwe, aliyekuwa anakula nao, akainamia sahani yake. Hakusema kitu.

Mama Pacha akaingiwa na hofu. Jioni ile ile akashika simu na kubadilisha kila kitu. Jina la duka, bei, maneno, picha, vyote. Picha nyingine alizichukua kwenye duka la mtu mwingine, kwa sababu zilipendeza.

Kesho yake mteja wa zamani akaandika: "Ukurasa huu umeibiwa? Mwenyewe yuko wapi?" Wengine hawakuuliza. Walijiondoa kimyakimya.

Akakimbilia kwa jirani yake, msusi aliyekuwa pia akiuza mafuta ya nywele mtandaoni. Alimkuta katikati ya kusuka kichwa cha mtu.

"Kaa hapo useme," msusi alimwambia. "Mikono ina kazi, masikio hayana."

Mama Pacha akamweleza yote. "Nimebadilisha kila kitu, jirani. Badala ya kupona, duka linakufa!"

"Ukitia mchuzini chumvi, ndimu na pilipili kwa mpigo mmoja, mchuzi ukaharibika, utajuaje kilichouharibu?"

"Sitajua."

"Basi ndivyo ulivyofanya. Kwanza rudisha jina lako na picha zako. Picha ya mwenzio si yako. Tena mteja akiona hiki akaletewa kile, harudi ng'o. Halafu jaribu kitu kimoja tu. Kipe siku kadhaa. Soma watu wanauliza nini. Kikifaa, endelea nacho. Kisipofaa, kiache, ujaribu kingine."

"Na nikikosea tena?"

"Utakosea, lakini kosea kidogo. Mimi mafuta mapya natengeneza chupa chache tu. Niliwahi kujaribu ya kitunguu. Wateja wangu nusura wakimbiwe na waume zao!"

Mwanamke aliyekuwa anasukwa akacheka mpaka kichwa kikamponyoka msusi.

Mama Pacha akarudi nyumbani moyo umemtulia kidogo. Akarudisha jina la zamani, bei ya zamani na picha zake mwenyewe. Akawaandikia wateja: "Ni mimi yule yule. Niwieni radhi kwa kuwachanganya." Kisha akajaribu jambo moja. Akapiga picha nje, kwenye mwanga wa asubuhi, badala ya ndani gizani. Watu wakasifu picha. Hakuna aliyenunua.

"Hilo tumelijua sasa," alimwambia mumewe. "Picha nzuri peke yake haitoshi. Nitajaribu video fupi, watu waone kigoda kikitumika."

Lakini pacha hawakukubali kutulia. Kila akiwakalisha, wanatoroka. Mama mkwe alikuwa kando yao anachambua maharage, amekaa kwenye kigoda chake mwenyewe. Kigoda hicho kilikuwa kirefu kuliko vingine, tena kina mikono miwili ya kushikilia. Mwanawe alimtengenezea pale magoti yalipoanza kumsumbua.

"Mama, basi tukurekodi wewe," Mama Pacha alimwomba.

"Nirekodi vizuri, nisionekane kama gunia la mkaa."

Bibi akaweka maharage chini. Akashika mikono ya kigoda, akasimama bila kusaidiwa. "Magoti haya yamenisaliti," akasema akiitazama simu, "lakini kigoda hiki kinaninyanyua."

Video ikapanda mtandaoni. Kabla ya jua kuzama ujumbe ukaanza kuingia. "Hicho cha bibi mnauza?" "Mama yangu anateseka kusimama." "Kinabeba mtu mnene?"

Seremala akasoma, akasoma tena. "Watu wanataka kigoda cha mama? Mbona kile nilikiunga kwa mabaki ya mbao!"

"Leo leo tutengeneze ishirini!" seremala akaongeza.

"Taratibu, Baba Pacha. Tutengeneze vitatu kwanza, tuwasikie watakaovitumia."

Wakauza vitatu, kisha Mama Pacha akawauliza wanunuzi bila kuona haya. Mmoja akasema mikono ya kigoda ni minene, haishikiki vizuri. Mwingine akasema miguu inateleza kwenye sakafu laini. Seremala akatengeneza kingine, akaipunguza mikono kwa randa. Akabandika vipande vya mpira chini ya miguu. Kisha akakikalia mwenyewe, akajitikisa kwa uzito wake wote. Kigoda hakikulia hata kidogo.

Safari hii wanunuzi wakawaambia jamaa zao. Maombi yakaja moja moja, kisha yakafuatana. Hata vigoda vya watoto vikaanza kutoka, kwa kuwa anayemnunulia mama yake humkumbuka na mwanawe.

Mwisho wa mwezi ukafika. Seremala akapiga simu mbele ya wote.

"Nashukuru sana, bosi. Lakini siji. Nina kazi hapa nyumbani."

Akakata simu, akashusha pumzi ndefu. Mama Pacha akageuka ukutani kufuta machozi, huku anacheka.

"Mama, mbona siku ile hukusema kitu?" seremala akauliza.

"Ningesema nini, mwanangu? Mtu hamzuii mwanawe kutafuta riziki." Bibi akamtazama mwanawe usoni. "Lakini nilikuwa naogopa kwamba ukirudi hutanikuta."

Seremala akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono. "Niko hapa, mama. Siendi popote."

"Haya, basi nenda kazini," bibi akasema, akimsukuma kwa upendo. "Watu wanasubiri kusimama."