Kiti cha Shairi Namba Tisa

Kwenye picha, mto wa kiti ulikuwa umebonyea katikati kana kwamba kuna mtu ameukalia. Fundi aliituma hivyo hivyo kwenye kundi. Ilikuwa Ijumaa saa tano asubuhi, wateja wawili walikuwa wanasubiri magauni yao, na mto ni mto tu. Ila alijua hakuna aliyeukalia. Alikuwa ameushona na kuujaza pamba asubuhi ile ile.

Kundi lao la mashairi lilikuwa na watu mia mbili na ushee, wote wa kwenye simu, wengi hawajawahi kuonana uso kwa uso, na walikuwa tayari kununiana wiki nzima kwa ajili ya kina kimoja. Kila wiki Katibu alikusanya tungo, akafuta majina, akazipa namba na kumpelekea jaji wa zamu. Jaji alitoa alama za vina, mizani na ujumbe. Kisha likaja lile lililowapa raha kuliko yote. Kwa kuwa hawakuwa na ukumbi wa kumkaribishia mshindi, jaji alitenga kiti sebuleni kwake, akaweka juu yake karatasi yenye shairi, akapiga picha na kuandika: "Kiti chako hiki, mshindi. Kaa." Hapo hongera zilimiminika mpaka simu ikapata moto.

Zamu hiyo ilikuwa ya Fundi, mshona nguo, mama wa binti mmoja wa miaka sita. Shairi namba tisa lilimshika tangu mstari wa kwanza:

*Nimechoka kusimama, nitengee pa kukaa.*

Alilipa alama zote. Katibu, shoga yake wa miaka kumi na moja, alimwandikia pembeni: "Nilijua utalipenda."

Mshindi hakujitokeza siku hiyo, wala kesho yake.

"Wengine wana haya," Katibu alimwambia kwenye simu. "Kiti usikitoe, shoga yangu. Utamvunja moyo."

Jumapili asubuhi sebule ilinuka nywele zilizoungua. Fundi akaigusa pasi, akaikuta baridi. Binti yake alikuwa mezani, macho kwenye kile kiti.

"Chai yangu imepoa, nipe ile ya mgeni," mtoto alisema.

Fundi alicheka. Mtoto wa mshairi huyo! Akachukua simu amrekodi, lakini mtoto hakurudia, wala hakusema neno jingine mpaka mchana, mama yake alipokivuta kiti ili akae apinde sketi ya mteja.

"Mama usikae hapo, utamkalia mtu. Tangu juzi yuko papo, anapenda nyumba yetu."

Fundi akahesabu kwa vidole, kwa mazoea ya ujaji. Nane, nane. Nane, nane. Mtoto ambaye herufi zenyewe bado zinampiga chenga hakukosea hata mizani moja, na vina vimekaa mahali pake.

Kuanzia hapo yule mtoto hakuweza tena kusema kama watu wanavyosema: akitaka maji ilikuwa beti, akijikwaa alilia kwa beti, na beti isipokuja alibaki ameachama, mishipa ya shingo imemsimama, machozi yanamtoka bila sauti. Huku nyuma cherehani, ambayo hakuna aliyeigusa, ikawa inagonga mara nane na kutulia, mara nane na kutulia, mchana kweupe, jirani akianika nguo upande wa pili wa ukuta, na ile harufu ya nywele ikizidi kuwa nzito mpaka ikaingia kwenye vitambaa vya wateja, na kila Fundi alipokitupa kiti uani alikikuta sebuleni, kimegeuzwa kidogo zaidi kumwelekea mtoto.

Jumatano alimwita bibi mganga wa mtaa wa pili. Bibi hakuvuka kizingiti. Alinusa, akarudi nyuma hatua moja.

"Nani kamkaribisha huyu?" alinong'ona.

"Hakuna, bibi. Huu ni mchezo wetu tu wa kwenye simu."

"Ulimwambia akae?"

Fundi akageuka kukitazama kiti.

"Huyu havunji mlango, mjukuu wangu. Hukaribishwa, tena penye mtoto. Aliyekutumia alikuwa naye kwake, akamchoka."

"Nimrudishe vipi?"

"Ungemkataa siku ile ile kabla jua halijazama, angerudi alikotoka. Sasa amekwisha kuwa wako. Hafukuzwi huyu, huhama tu, akipewa kiti kingine."

Fundi hakuhitaji kufikiri sana. Tungo zote zilipita mikononi mwa mtu mmoja. Na mtu huyo alikuwa na mwana wa mwisho aliyeugua koo miezi mitano, madaktari hawaoni kitu. Fundi mwenyewe alimshonea nguo za kulalia hospitalini, akamwombea kwa jina.

Alipofika kwa Katibu, sauti ya yule mtoto ilisikika tangu barabarani, akigombania bembea, maneno shaghalabaghala, hayana mizani wala kichwa. Katibu alifungua mlango nusu. Hakusema karibu.

"Amepona," Fundi alisema.

"Amepona."

"Namba tisa ni yako."

"Sikuitunga mimi." Katibu aliteremsha sauti. "Mwanangu aliisema yote, mimi nikaandika tu."

"Ulijua nina mtoto!"

"Nilijua. Ningempa nani mwingine? Wenzako wangeona kosa kwenye ubeti wa nne, wangeitupa. Wewe unasoma kwa moyo. Ni wewe tu ungeipa alama zote."

Kurogwa na adui Fundi angeweza kuvumilia. Kilichomuuma ni kwamba shoga yake alikuwa amemjua vizuri miaka yote hiyo, na ujuzi huo akautumia kwa kazi hii.

Alirudi nyumbani, akamsogeza mtoto pembeni, akakikalia kiti.

"Mwache mwanangu," alisema. "Kaa kwangu mimi."

Baridi ilimpanda mgongoni, ikamkaba kooni, ikatulia.

"Mama," mtoto alisema, "nataka maji."

Maneno matatu, mabovu kabisa kimizani. Fundi alilia kwa furaha.

Ijumaa asubuhi akashika simu kurekodi sauti kwa kundi zima. Alitaka kusema: jamani, Katibu amenisaliti, msitenge viti tena. Likatoka hili:

*Niliyemwita dadangu, kaniletea msiba,*
*Kamtuma kwa mwanangu, mgeni asiyeshiba.*

Akajaribu kuandika. Vidole navyo vikafuata vina, na beti zikatiririka mpaka saba, kila moja tamu kuliko iliyotangulia. Kundi likalipuka. Usaliti huu umechorwa! Mtunzi wetu ameamka! Katibu alikuwa wa kwanza kuweka maua. Chini yake akaandika: "Tumelipokea. Namba moja."

Jaji wa wiki hiyo alikuwa Nesi, mama wa mapacha. Saa kumi alasiri akatoa alama: vina kumi, mizani kumi, ujumbe kumi. "Nimelia wodini," aliandika. Kisha ikaja picha ya kiti cheupe, karatasi juu yake, na ukutani jozi mbili za viatu vidogo. "Kiti chako hiki, mshindi. Kaa."

Kitu kikamchomoka Fundi kooni kama uzi unaovutwa kwenye pindo.

"Nesi," alijaribu kusema. Likatoka neno tupu, la kawaida. Sauti yake ilikuwa imerudi. Jua bado lilikuwa juu ya paa la jirani. Muda wa kusema ulikuwepo. Neno moja tu, kitoe, na yule angekataliwa. Na akikataliwa angerudi alikotoka, kwenye chumba hiki, ambako mtoto alikuwa sakafuni anaimba wimbo alioubuni mwenyewe, unaokwenda kombo kila mstari.

Alikaa na simu mkononi. Jua likashuka nyuma ya paa, likabaki kipande cha upana wa kidole.

Simu ikalia. Nesi.

"Mshindi wangu!" alicheka. "Mbona kimya? Mapacha wanagombania kukikalia kiti chako. Hebu niambie, maana nimeshindwa hata kula. Kile kisa ni cha kweli?"

Fundi alimtazama binti yake.

"Hapana, dada," alisema. "Ni shairi tu."