Kreni Iliyogusa Wingu

"Nipe urefu, Sindano. Ndege inakaribia."

Sauti ya Mkuu wa operesheni ilikwaruza sikioni. Sindano hakuwa jasusi wa kutokwa jasho ovyo, lakini leo lilimtiririka. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya paa la kiwanda cha nguo, darubini ya Nikon machoni. Ng'ambo ya bonde, juu ya ghorofa ambalo ujenzi wake haujaisha, walanguzi wa silaha walikuwa wameinua mkono wa kreni hadi ukagusa wingu. Wingu hilohilo ndilo ambalo ingepitia ndege iliyombeba shahidi dhidi yao.

"Mkuu, igeuzeni ndege tu!"

"Waongozaji wa ndege wanasema kreni ina kibali. Wanataka namba, si wasiwasi wako."

Sindano alisonya.

Akaielekeza leza ya kupimia umbali kwenye ncha ya kreni, akabonyeza. Ikasoma umbali wa kilima cha nyuma.

Akabonyeza tena.

Kilima kilekile. Mwale ulikuwa ukipenya katikati ya vyuma.

"Leza gani hii haioni kreni nzima?" alifoka.

"Tumia simu."

Akafungua programu ya kupimia urefu kwenye simu. Kila akipima, jibu jipya. Mkono wake ukisogea kidogo tu, kreni inarefuka. Alitamani kuivurumisha bondeni.

Mkobani kilibaki kipimapembe cha shaba. Kinasoma pembe tu, umbali hakijui.

Akatulia.

Leza haioni vyuma vyembamba. Ukuta je?

Akaishusha hadi kwenye ukuta wa ghorofa, chini ya kreni. Umbali ukaja, safi kabisa. Akanyakua kipimapembe, akasoma pembe ya ncha, kisha ya kitako cha ghorofa.

"Mkuu, andika!"

Akazitaja namba zote tatu, umbali na pembe mbili, ili wakokotoe urefu.

"Dada, weka simu chini."

Mwanamume mwenye ovaroli ya fundi alisimama nyuma yake. Bastola ya Glock, kizuia sauti kwenye mtutu.

Sindano alibingirika. Teke lake likamfyeka jamaa miguu. Bastola ikateleza juu ya mabati, ikaenda zake. Kabla jamaa hajavuta pumzi, goti la Sindano lilikuwa mgongoni mwake.

"Subiri, kaka. Naongea na simu."

Mkuu alirudi hewani. "Imezidi kibali karibu mara mbili."

"Basi igeuzeni!"

Mkuu akawapazia sauti waongozaji.

Muungurumo ukasikika mawinguni, mzito, ukija. Sindano akauma meno.

Ukapinda. Ukafifia.

"Imegeuka," Mkuu alipumua. "Na polisi wameshafika chini ya kreni. Kazi nzuri."

"Siku nyingine niaminini mapema."

Akamfunga jamaa kwa mkanda wa mkoba, akajipangusa vumbi, akateremka ngazi taratibu, akapishana na washonaji waliokuwa wakitoka kwenda kula.