Mapeasi Mawili ya Mwamvita

Kila asubuhi Mwamvita alipanda mlima kwenda shule na jembe begani, maana kabla ya hesabu kulikuwa na shamba la shule. Lakini Ijumaa ile ya mwaka 1972, nani alikuwa na habari na jembe! Mkaguzi wa elimu alikuwa anakuja kutoka Tanga na kamusi mpya ya Kiingereza. Mwanafunzi wa darasa la saba ambaye angeeleza vizuri kuliko wote tofauti ya "gather" na "pick" angeondoka nayo. Mwamvita aliitamani mno kamusi hiyo.

Zamu yake ilipofika, alitoa mapeasi mawili mfukoni. Moja lilikuwa na mchubuko na udongo. La pili lilikuwa na kikonyo na jani bichi.

"Ndugu Mkaguzi, hili lilianguka njiani. Yaliyoanguka tunayaokota na kuyakusanya. Hiyo ni 'gather'. Hili lilikuwa mtini, nikalichuma. Hiyo ni 'pick'."

Darasa zima lilipiga makofi. Mkaguzi akacheka kwa furaha.

"Safi sana! Umelichuma kwenu?"

Mwamvita akalitazama lile peasi lenye jani. Kwao hapakuwa na mpeasi. Kila mtoto pale kijijini alijua kwamba tunda la njiani ni la mpita njia, na la mtini ni la mwenye mti. Angeitikia "ndiyo" tu, kamusi ingekuwa yake.

"Hapana. Ni la Bibi Jenoveva. Sikumwomba," akasema, machozi yakimlengalenga.

Mwalimu wa darasa, Mwalimu Rubeni, akaifungia kamusi kabatini. "Lirudishe kwanza. Tunakungoja."

Mwamvita akateremka mbio mpaka kwa bibi yule.

"Shikamoo, Bibi. Nimechuma peasi lako bila ruhusa."

"Marahaba. Kumbe ni wewe!" Bibi akafoka, kisha akamtazama vizuri. "Umekuja mwenyewe? Haya, panda. Magoti yangu yamegoma siku hizi. Nichumie kapu zima."

Mwamvita alichuma huku akiimba. Kapu lilipojaa, walipanda nalo pamoja polepole hadi darasani, Mwamvita akimsimulia Bibi habari ya kamusi na yale maneno mawili.

"Kuleni," Bibi akawaambia wanafunzi. "Na huyu mpeni kitabu chake, amesema kweli."

Mkaguzi akamkabidhi Mwamvita kamusi. Msichana aliruka kwa furaha hadi viatu vikamtoka!

"Hebu niambieni," Bibi akauliza, "kuomba kwa Kiingereza ni nini?"

"Ask!" darasa likapaza sauti.

"Basi anzeni na hilo. Hayo mengine mawili yatafuata."